Chumvi ya Nani?

Wapenzi wa lugha, yapo maneno yaliyosafiri kwenda nchi mbili na kupata kazi mbili zisizofanana. Neno sahibu ni mojawapo. Katika Kiarabu lilikotoka, humtaja mwenzi anayeandamana nawe, na humtaja pia mwenye kitu, mmiliki wake. Waswahili tulichukua maana ya kwanza: sahibu ni rafiki, na kutokana nalo tukajipatia usuhuba na kusuhubiana. Bara Hindi, ambako neno lilifika kwa njia ya Kiajemi, walishikilia maana ya pili: sahib ni bwana, mkubwa, yule anayefunguliwa mlango. Basi mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili akiketi mbele ya filamu ya Kihindi, husikia mtumishi akimwita tajiri wake sahib, na kwa nukta moja hudhani kwamba wawili hao ni marafiki.

Neno gharibu nalo lina kisa kama hicho. Kwetu gharibu ni mgeni, mtu asiye na ndugu mahali alipo. Kwa Kihindi na Kiurdu, garib ni maskini. Na tajiri, ambaye kwa Waarabu alikuwa mfanyabiashara tu, kwetu amekuwa mwenye mali, na katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama amekuwa zaidi ya hapo: tajiri ni mwajiri wako, hata kama leo hana senti mfukoni. Kijana wa duarani husema "tajiri wangu" kama mtu mwingine asemavyo "baba yangu".

Nimeanza na maneno kwa sababu nataka kuzungumza juu ya Namak Haraam, filamu ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, nami siwezi kuifikia bila kupita kwenye jina lake. Namak ni chumvi. Haraam haihitaji tafsiri kwetu. Yakiunganishwa, maneno hayo humtaja mtu aliyekula chumvi ya mwenziwe kisha akamgeuka. Kiswahili kinayo chumvi yake, lakini haifanyi kazi hiyo: kwetu, aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Wao kwa chumvi hupima deni, sisi hupima umri. Asiye na shukrani tunamwita mtovu wa fadhila, au tunamkumbusha fadhila za punda, na katika maneno yote mawili hakuna hata chembe ya chumvi.

Niliiona filamu hiyo mara ya kwanza nikiwa mtoto, hapa Kharumwa. Siku hizo Kharumwa ilikuwa katika Wilaya ya Geita, nayo Geita ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza. Mkoa mpya ulikuja mwaka 2012, na ndipo mji wetu ukawa makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, ukapata ofisi na vibao. Kabla ya hapo tulikuwa na mpunga, pamba, ng'ombe, na maduara ya dhahabu. Baba yangu alichimba katika maduara ya mtu mmoja aliyekuwa na nyumba ya bati, jenereta, televisheni na deki ya video. Mwanawe wa pili alikuwa darasa moja nami, na alikuwa rafiki yangu kwa namna ambayo watoto huwa marafiki, yaani bila kuulizana sababu. Tulichunga pamoja. Tulikula michembe kutoka mfuko mmoja. Jioni za Jumamosi, jenereta ilipowashwa, aliniita kwao kutazama.

Sebuleni kwao kulikuwa na viti vya mbao vyenye mito, na chini kulikuwa na jamvi. Yeye alikaa kitini karibu na baba yake. Mimi nilikaa kwenye jamvi pamoja na watoto wengine wa wachimbaji. Hakuna aliyenikataza kiti. Wala sikumbuki kuwahi kukitamani. Mwili ulijua wenyewe pa kukaa, na hilo ndilo linalonishangaza leo kuliko kama ningefukuzwa.

Kanda zilikuwa kwa Kihindi tupu. Kwa hiyo kaka yake mkubwa, aliyesoma Mwanza na kudai kwamba huko alijifunza lugha hiyo kwa wenye maduka, alitufasiria. Alikuwa fundi hodari kwa jinsi yake. Alijaza mapengo kwa busara zake, akawapa majambazi majina ya watu wa kijijini, na nyimbo alizifasiri zote kwa sentensi moja: "Anasema anampenda." Miaka ya baadaye, vibanda vya video vilipojaa kanda zenye sauti za wafasiri wa kulipwa, na jina la Lufufu likawa linatajwa kila mahali, niliona kwamba kaka yule alikuwa amezaliwa mapema mno. Siku ya Namak Haraam alitangaza jina la filamu kuwa "Chumvi Haramu". Tukakaa muda wote tukingoja mtu atiliwe sumu ya chumvi kwenye chakula. Hakutiliwa. Badala yake kulikuwa na vijana wawili waliopendana.

Kwa wasioifahamu, kisa chenyewe ni hiki. Vicky, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, ni mwana wa mwenye kiwanda. Somu, aliyeigizwa na Rajesh Khanna, ni maskini, na ni rafiki wa chanda na pete wa Vicky. Vicky anagombana na kiongozi wa chama cha wafanyakazi na kulazimika kuomba radhi mbele yao. Somu anaapa kulipiza kisasi kwa ajili ya rafiki yake: anaingia kiwandani kwa jina la bandia, anajifanya mfanyakazi, anapanda hadi kuwa kiongozi wa chama na kumng'oa yule wa zamani. Lakini ili ajifanye mfanyakazi inambidi akae wanakokaa wafanyakazi, na akikaa, anaona. Anaona mishahara, wagonjwa, vyumba. Mtu aliyekuja kuwahadaa anakuwa mtu wao. Wanaoijua Becket, filamu ya mwaka 1964, wataona nasaba: mfalme wa Uingereza alimfanya rafiki yake kuwa askofu mkuu ili alitawale Kanisa, na rafiki, alipovaa joho, akawa askofu kweli.

Filamu ina mshairi pia, aliyeigizwa na Raza Murad: mlevi, fukara, anayekufa kabla hadithi haijaisha. Hapa malenga wenzangu wataniruhusu nilalamike kidogo. Watengenezaji wa filamu wa Bombay hawakujua la kumfanya mshairi ila kumlevya au kumzika. Hata Vijay wa Pyaasa ya mwaka 1957 ilibidi adhaniwe amekufa ndipo watu wakanunua mashairi yake.

Turudi kwa Somu. Filamu inamwua. Baba yake Vicky ndiye anayepanga kifo hicho, na Vicky, kwa kumwadhibu baba yake, anajitwika hatia na kwenda jela. Watoto wote kwenye jamvi tulilia. Rafiki yangu alilia kitini. Baba yake alizima jenereta kabla majina ya mwisho hayajapita, kwa kuwa mafuta ni ghali.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kadiri miaka inavyopita, kifo cha Somu kinaniridhisha kidogo zaidi kila mara. Simaanishi kwamba hakinisikitishi. Naona kwamba kinamsaidia mtunzi kuliko kinavyowasaidia wafanyakazi. Somu akiishi, kesho yake asubuhi ingebidi yeye na Vicky wazungumze juu ya mshahara. Ingebidi kuwe na meza, na pande mbili za meza, na mmoja akae huku na mwingine kule. Hakuna wimbo wa mazungumzo hayo. Kwa hiyo Somu hufa, Vicky hulia, nasi tunatoka tukiwa tumesafika.

Tazama filamu nyingine za urafiki zilizopendwa katika nchi zetu. Katika Dosti ya mwaka 1964, mmoja wa marafiki ni kipofu na mwingine ni kilema, na wote wawili hawana kitu. Kinachokuja kati yao ni shule, kwani mwenye miguu mibovu anasoma na kipofu anaimba barabarani ili apate ada ya mtihani wa mwenzake. Katika Sholay ya mwaka 1975, Jai na Veeru ni wezi wawili wasio na nyumba. Jai ana sarafu anayoirusha kila wanapotaka kuamua jambo, na ni baada ya kufa kwake ndipo Veeru anapogundua kwamba sarafu hiyo ina sura moja pande zote mbili: Jai alikuwa akijichagulia hatari siku zote. Twaipenda sarafu ile, nami naipenda. Ila urafiki wa watu wawili wasio na kitu ni rahisi kuuimba, maana hakuna cha kugawana isipokuwa hatari. Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Filamu za Kihindi ziliamua kuibishia methali hiyo, zikamfanya mla nawe afe, tena mikononi mwako. Zinachoogopa ni mla nawe anayeendelea kuishi.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu jinsi wazee wetu walivyozipokea filamu hizi, kwa sababu hapa kwetu hazikuingia kama zilivyoingia Zanzibar, ambako watu walikuwa na majumba ya sinema, wakaipenda Awaara ya Raj Kapoor, na ambako taarabu iliazima tuni za Kihindi na kuzivika maneno yetu. Usukumani, kwa kizazi cha babu yangu, Mhindi alikuwa ni mwenye duka na mnunuzi wa pamba. Alisimama nyuma ya kaunta au nyuma ya mizani. Mizani hiyo ndiyo iliyozaa siasa za kanda yetu: wakulima wa Jimbo la Ziwa waliodhani wanapunjwa walitaka wapimaji wao wenyewe wasimame pale pamba inapopimwa, na kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika, hadi mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo jina la Paul Bomani halitengani nalo. Babu alizoea kusema kwamba alijifunza kusoma namba kabla ya herufi, kwa sababu mizani haina herufi.

Sasa mchukue mzee kama huyo, mkalishe mbele ya Mother India ya Mehboob Khan, aone mwanamke wa Kihindi akivuta jembe shingoni kama ng'ombe, na mkopeshaji Sukhilala akimsomea deni lisiloisha kutoka kwenye daftari ambalo yeye hawezi kulisoma. Babu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kisukuma kama hao ni Wahindi kweli. Alipohakikishiwa, akasema: "Kumbe nao wana mizani." Sijapata kusikia uhakiki wa filamu uliozidi huo kwa ufupi. Na nani aliyekuwa amewahi kumwonyesha Mhindi maskini? Dengu za mbuga za Shinyanga zilikwenda India kwa magunia, na kilichorudi ni kanda, na ndani ya kanda mlikuwa na wakulima wenye nyayo zilizopasuka kama zetu. Wazee wengine walicheka zaidi kwa Seeta aur Geeta ya mwaka 1972, wakishangaa kuona binti wa Kihindi amepewa jina la mji wetu wa Geita. Lakini hata humo kulikuwa na pacha mmoja aliyelelewa na watu wa sarakasi na mwingine aliyezaliwa kwenye mali. Kwa Wasukuma, ambao kila mji una Kulwa na Doto wake, hilo halikuhitaji mfasiri.

Rafiki yangu alirithi maduara mawili baba yake alipofariki. Mimi nilikuwa nimesoma, nikafundisha kwa kujitolea katika shule fulani ya msingi, na nilikuwa nikingoja ajira ya serikali. Akaniita. "Njoo unishikie daftari," alisema. "Wewe una mwandiko mzuri, na huibi." Nikawa karani wake kwa msimu mmoja wa kiangazi.

Wasomaji walio mbali na machimbo wataniwia radhi nieleze kidogo. Mchimbaji mdogo wa kwetu kwa kawaida halipwi mshahara. Hulipwa kwa mgao. Mawe yanapopanda kutoka duarani huhesabiwa kwa viroba. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye shamba ana lake, mwenye duara ana lake, na wachimbaji wana lao, ambalo hugawana wenyewe kisha kila mmoja hupeleka viroba vyake kwenye karasha vikasagwe, na baada ya hapo kwenye mwalo vikaoshwe. Lakini kabla duara halijatema, hupita wiki, pengine miezi, ya kuchimba jiwe tupu. Katika muda huo mwenye duara ndiye anayelisha: unga, maharage, dagaa, mafuta ya pampu, magogo ya matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, betri za tochi. Siku duara linapotema, gharama hizo hutolewa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika gharama hizo. Niliandika kila kitu. Kila Jumatatu kulikuwa na mstari mmoja mfupi: chumvi, kilo mbili. Wiki baada ya wiki, chumvi, kilo mbili. Nami nilikula katika sufuria ileile, kwa hiyo chumvi hiyo ilikuwa yangu pia.

Duara lilitema mwishoni mwa kiangazi. Si utajiri wa kuandikiwa hadithi, ila viroba vya kutosha watu kufurahi. Siku ya mgao tulikusanyika chini ya mwembe, na desturi ilikuwa karani asome jumla: gharama ni kiasi fulani, kilichobaki ni kiasi fulani, fungu la kila upande ni hili. Nikasoma jumla. Mzee mmoja miongoni mwa wachimbaji, mtu aliyechimba na baba yangu, akaomba nisome mstari kwa mstari. Wengine wakamwunga mkono. Nikasoma mstari kwa mstari, tangu wiki ya kwanza. Ilichukua karibu saa nzima. Nilipofika kwenye chumvi kwa mara ya nne au ya tano, yule mzee akainua mkono.

"Karani," akasema, "hii chumvi tulipewa au tuliuziwa?"

Nikamjibu kama daftari lilivyosema. "Mliuziwa, mzee."

"Basi asitudai na shukrani."

Watu wakacheka. Rafiki yangu hakucheka. Naye hakuwa na kosa katika hesabu, na ni haki yake niliseme hilo wazi: hakuongeza bei, hakuandika gunia ambalo halikuletwa, na mgao alioutoa siku ile ulikuwa sawasawa na desturi. Kilichomwuma ni kwamba orodha nzima ilisikika. Jumla huwa kama jina la heshima, haina vidole. Orodha ina vidole: huyu ametozwa dagaa, huyu ametozwa betri, wote wametozwa chumvi. Jioni tulikaa kando ya karasha likiwa limezimwa.

"Ungesoma jumla tu," alisema.

"Waliomba yote."

"Mzee hakuwahi kusoma yote." Alimaanisha baba yake. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliona kuwa swali zuri. "Lisingetema, nani angenilipa hiyo chumvi?"

Alikuwa ameuza ng'ombe wa urithi ili kulisha duara lile. Kama mwamba ungekuwa mtupu mpaka mwisho, wachimbaji wangehamia kwa tajiri mwingine, naye angebaki na shimo. Wenye maduara wengi wamefilisika hivyo hapa kwetu, na hakuna anayewatungia wimbo. Chumvi yake ilikuwa mkopo usio na dhamana. Nilimwambia kwamba hayo ni kweli. Nikamwambia pia kwamba duara likiporomoka, yeye hupoteza ng'ombe. Sikumalizia, na haikuwa lazima. Baba yangu alitoka kwenye duara la baba yake akiwa amevunjika nyonga, na tangu siku hiyo alitembea kwa mkongojo.

Akanyamaza. Kisha akaniita Somu. Neno hilo moja tu, bila hasira. Tangu utoto tulikuwa hatujaitana kwa majina ya filamu.

Nilifikiri sana juu ya neno hilo. Namak haraam ni tusi la anayelisha. Linachukulia kwamba chumvi ni yake, kwamba aliitoa mfukoni mwake na kuiweka mdomoni mwa mwingine. Lakini katika kiwanda cha baba yake Vicky, chumvi ilinunuliwa kwa fedha gani? Filamu inaligusa swali hilo kwa ncha ya kidole. Gulzar, aliyeshiriki kuiandika, ni mshairi, na nadhani aliliona. Miaka tisa baadaye, mwaka 1982, Prakash Mehra akatoa Namak Halaal, kinyume chake kabisa, chumvi halali. Na humo Amitabh, yule aliyekuwa mwana wa mwenye kiwanda, ni mtumishi wa hoteli aliye mwaminifu mpaka vitani kwa ajili ya bwana wake. Ni filamu ya kuchekesha, nami huicheka kila mara. Mwaka huohuo, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay walikuwa katika mgomo mkubwa walioongozwa na Datta Samant, mgomo ambao wengi wao hawakurudi kazini baada yake. Ndani ya jumba la sinema chumvi ilikuwa halali, na nje watu walikuwa hawana ya kutia kwenye mchuzi.

Nilijaribu kuyatungia shairi mambo haya. Nilitaka kina cha nje kiwe mvi, kwa ajili ya chumvi, na malenga wanaosoma hapa tayari wameona shimo nililokuwa nikijichimbia. Nilipata maneno manne tu, na ubeti mmoja ukayamaliza yote:

Tulikaa ukumbini, wewe kiti mimi jamvi,
Mchele kwenu nyumbani, na kwetu zikaja kumvi,
Leo tumo ukubwani, vichwa vyetu vina mvi,
Sahibu sema yakini, ni ya nani ile chumvi?

Mwenye neno la tano aniletee, nimtungie ubeti wa pili.

Msimu uliofuata nilipata ajira na kuhamia shule nyingine. Hatukugombana. Tunaalikana harusini na tunazikana. Lakini namna ya kuitana imebadilika, na kwa mtu wa lugha hicho ndicho kipimo. Zamani aliniita "wewe" au "mwana". Sasa ananiita mwalimu. Nami, mbele ya watu wake, namwita tajiri, kwa sababu kila mtu pale humwita hivyo, na kumwita kwa jina la utotoni kungekuwa kama kukaa kwenye kile kiti cha sebuleni bila kukaribishwa. Tukiwa wawili hatuitani chochote. Tunaanza tu kusema.

Methali yetu inayopendwa kuliko zote juu ya jambo hili ni akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wengi wenu mmeiandikia insha shuleni. Nimeifundisha mwenyewe kwa miaka mingi, na siku hizi mwanafunzi mmoja mmoja huniuliza: naye aliyefaliwa, jina lake nani? Methali imempa jina mmoja tu kati ya wawili. Aliyetoa ni rafiki. Aliyepokea hakutajwa, na pengo hilo ndilo ambalo Kihindi kimelijaza kwa chumvi. Nikiwajibu wanafunzi, huwaambia kwamba Kiswahili hakikosi maneno kwa bahati mbaya, na kwamba heri yeye asiye na jina kuliko aliyeitwa haraam. Hawaridhiki sana. Wako sahihi kutoridhika.

Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Mwanawe alikuwa ameipata Namak Haraam kwenye simu yake, nzima, bila mfasiri, na wote wawili walikuwa wakiitazama. Kijana alitaka kujua jina lake kwa Kiswahili.

"Nimemwambia ni Chumvi Haramu," rafiki yangu alisema, nikasikia anavyocheka. "Kama alivyotufasiria kaka."

"Siyo hiyo."

"Najua siyo hiyo. Basi iite Mtovu wa Fadhila."

Nikamwambia hiyo ni ya upande mmoja. Akaniuliza nina ipi bora. Nikamtajia moja, akaikataa. Akanitajia nyingine, nikaikataa. Nyuma yake nilisikia wimbo umeanza, na kijana akimwuliza baba yake wanasema nini.

"Anasema anampenda," akamjibu. Kisha akanirudia mimi: "Mwalimu, upo? Nimeipata nyingine."